Chumvi ya Viwikoni

Saa mbili kasorobo asubuhi Mama Chupa alifunga vifungo vya koti, akafungua bomba, akaanza kusugua chupa za maabara. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na sita, nayo ndiyo iliyompa jina. La kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho. Rafuni, juu ya kichwa chake, zilipangwa chupa kumi na mbili za hamira ndani ya maji ya chumvi.

Hamira hiyo ilitakiwa iwe imekufa. Daktari, mkuu wa maabara, alikuwa ameiondolea jeni moja, ile inayoiwezesha kutengeneza kimeng'enya cha kusawazisha chumvi. Bila kimeng'enya hicho chumvi hujaa ndani, na hamira haifiki jioni. Hii ilikuwa na miezi minne, inatoa povu, haina habari.

Chumvi yake ilitokea viwikoni mwa Mama Chupa. Ilianza punje mbili tatu, ikawa kijiko, ikawa kikombe kizima kwa siku. Alijipangusa, akaitia koponi. Chumvi safi kabisa, jamani! Mchana watafiti waliichota wakanyunyizia mayai yao, wakaingia chumbani kwao kula, wakafunga mlango. Yeye alikula kando ya sinki, akiipigia hamira soga. Tangu mumewe afariki, nyumbani hakuwa na wa kumwambia hata neno, basi yote aliyamaliza pale: goti, bati linalovuja, ndoto za jana.

"Bila nyie ningeshakuwa bubu," aliiambia.

Alipougua jino akalala nyumbani siku moja, viwiko vilikauka na chupa tatu zikafa. Aliporudi, zilizobaki zikachangamka tena na chumvi ikarudi. Hapo akajua.

Zilibaki siku tano astaafu. Ripoti ya utafiti ilikuwa inaandikwa, na ilikuwa na ukurasa wa kutaja kila kilichokuwamo maabarani. Mama Chupa alitaka kimoja tu: naye atajwe. Akagonga mlango wa Daktari.

"Samahani, Daktari. Ile hamira inaishi kwa sababu yangu." Akakunja mikono ya koti.

Daktari alivitazama viwiko. "Ni kweli, mama yangu. Siku ya jino lako ilijionyesha."

"Basi niandike."

"Mle tunaandika vitu, mama. Taa, feni, sabuni."

"Hata sabuni?"

"Sabuni ina namba ya kiwanda. Wewe nitakuwekaje? Ila keki ya kukuaga ipo, usijali."

Ilimuuma sana. Alirudi kwenye sinki akasugua chupa ambayo tayari ilikuwa safi.

Ijumaa alikula keki. Jumatatu alishinda kitandani akiviangalia viwiko vikikauka, akazililia zile chupa waziwazi. Saa tisa simu ikaita.

"Mama, zimebaki mbili," alisema Daktari. "Njoo ukae nazo kidogo."

"Nitaandikwa?"

"Mama, si tulishalizungumza hilo?"

Alitaka kukataa. Lakini lile "Nitaandikwa?" lilikuwa neno lake la kwanza tangu Ijumaa, na koo lilikuwa limekauka kwa kukaa kimya. Akavaa viatu.

Getini, kwa kuwa sasa hakuwa mfanyakazi, alichukua kalamu akafunua kitabu cha wageni. Mlinzi alicheka, akakifunga taratibu.

"Wewe tena, mama! Wewe si mgeni. Pita tu."

Akairudisha kalamu mahali pake, akapita.