Leseni Mbili, Namba Moja

Kwa wenye filamu, Kopi alikuwa balaa kamili. Wao waliajiri wataalamu wafunge diski zisinakiliwe. Yeye alizifungua kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kikombe cha chai. Walipobandika kwenye makasha stika yenye wino usioonekana, unaowaka kijani ukimulikwa kwa taa ya zambarau, aliusaka wino wa namna hiyo hadi akaupata. Nakala alizouza dukani kwake zikawaka kuliko zile halali.

Kaka yake, dereva wa teksi, hakufurahi.

"Bwana mdogo, hilo ni jasho la watu."

"Sijamnyang'anya mtu, kaka. Filamu yao si bado wanayo?"

Kopi akaridhika na hoja yake kama hakimu aliyejihukumu mwenyewe.

Watu walipohamia kuangalia filamu kwenye simu, duka lake likabaki na vumbi na yeye. Akanunua gari kuukuu ili afanye teksi. Leseni, hata hivyo, zilitolewa mojamoja; kaka yake aliisubiri yake mpaka nywele zikaanza kuota mvi. Kopi hakutaka kungoja mvi. Siku moja alijitolea kumwoshea kaka gari, ukarimu ambao ungepaswa kumshtua yeyote aliyemfahamu, na kabla povu halijakauka alikuwa ameshaipiga picha ile stika ya leseni kwenye kioo cha mbele. Akachapa ya kwake: namba ileile, muhuri uleule, na ule wino wa siri, ambao leseni zote za serikali huwa nao, maana hakuwa mtu wa kulipua kazi. Kaka aliegesha hospitalini, yeye akaegesha sokoni. Leseni ya kaka si bado anayo?

Mambo yakaenda vizuri mpaka asubuhi aliyopata mteja wa kwenda hospitali. Alidhani angemshusha na kutoweka. Mteja akashuka, kumbe wakaguzi walikuwa wamefunga geti, na gari la kwanza kwenye foleni lilikuwa la kaka.

Mkaguzi alitazama kioo hiki, akatazama kile.

"Mapacha hawa," alisema. "Mama yao nani?"

Ofisini kusingesaidia. Faili zote zilikuwa zimelowa paa lilipovuja, na badala ya kuziba paa, wakubwa walinunua taa ya zambarau. Mkaguzi akaiwasha. Stika ya Kopi ikang'aa kijani kibichi. Akamulika ya kaka. Giza. Akaisogeza taa karibu zaidi. Giza vilevile.

Katika umati ule, Kopi peke yake ndiye aliyeelewa. Wino ule haupendi jua, na stika ya kaka ilikuwa imekaa juani miaka yote ya kazi yake.

"Mkuu, hii nilipewa mkononi, ofisini kwenu," kaka alisema.

"Matapeli wote walipewa mkononi. Gari linabaki hapa, mzee, na wewe unakwenda na sisi. Kughushi ni jela."

Kaka aliitazama ile stika inayong'aa, kisha akamtazama mwenye gari. Macho yake yalitulia kama ya mtu anayekumbuka povu la sabuni. Hakumtaja mtu. Alisema tu, taratibu, "Mdogo wangu. Waambie."

Kopi alisafisha koo. "Mkuu, yangu ndiyo..."

Mkaguzi aligeuka, pingu zikininginia kidoleni. Zilikuwa pingu za kawaida, zenye kutu kidogo kwenye bawaba, na hazikuwa zimeamua zinakwenda mkono wa nani.

"Yako ndiyo nini?"

"Yangu ndiyo halali."

Kaka alinyoosha mikono mwenyewe. Walipomfunga, aliwaonyesha kwa kidevu mwanamke aliyevunjika mguu, aliyekuwa bado ameketi kiti cha nyuma cha gari lake. "Mteja wangu huyo anarudi nyumbani. Hawezi kutembea. Huyu ampeleke."

Basi wakamhamisha yule mama, na Kopi akamwekea magongo yake vizuri, akafunga mlango, akaondoa gari. Walipita pembeni ya kaka. Kopi aliangalia mbele.

"Nimepanda na yule mtu mwaka mzima," mama alisema baada ya kona ya kwanza. "Ana heshima, hana mbio. Kumbe tapeli. Afadhali wewe una karatasi za kweli."

Kopi alibadilisha gia.

"Mbona alikuita mdogo wake? Mnajuana?"

"Hapana, mama," alisema. "Nikate kulia au kushoto?"