Wageni wa Sutter Gap Hupungua

Kila Jumamosi, mechi ikiisha, akina mama wa Sutter Gap huwalisha wageni kabla basi lao halijaondoka. Ndiyo desturi ya milima ile ya Kentucky: mkishamfunga mtu, msimrudishe kwao na njaa. Verlene Ratliff, ambaye mwanawe Darrell alichezea ulinzi timu ya chuo cha Sutter Gap ya mpira wa Kimarekani, ndiye aliyesimamia nyama ya nguruwe na skonzi za siagi, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba wageni waliofungwa wanapungua.

Walianza kupungua wakinawa mikono. Kufikia wakati wa pai, jitu lililoinama ili lipite mlangoni lilikuwa linaning'iniza miguu kitini.

"Mama, naomba mto wa kukalia," lilisema kwa adabu.

Verlene alileta mito, kisha cherehani. Haikuwa heshima kumrudisha mtoto wa mwenzio kwao akishikilia suruali. Akabana viuno, akapandisha pindo, akapunguza jezi hata namba ikakaa sawasawa mgongoni. Mkono wake ulikuwa safi, mshono huuoni.

Msimu ulikuwa unakwisha na Sutter Gap hawajafungwa na mtu. Tiverton, chuo kikubwa cha bondeni, kilikuwa kimefungwa mara mbili, na waliokifunga walirefuka hata basi lao likatobolewa paa. Kufungwa na majitu si aibu, ilisema kamati ya uteuzi, ile inayochagua timu za kuwania kombe. Kwenye mechi za ubingwa ilibaki nafasi moja.

"Shemeji, mnawachapa watoto wa chekechea halafu mnataka kombe!" alisema Burl, aliyeoa dada yake Verlene na kushabikia Tiverton tangu utotoni.

"Walikuja wakubwa, Burl. Uliwaona wakiingia."

"Niliwaona wakitoka."

Darrell alikuwa ameweka barafu gotini. Goti lilikwisha pasuliwa mara mbili, na daktari alishamwambia kwamba msimu huu ukipita, mpira basi. Verlene hakuomba kombe. Aliomba mwanawe aitwe jina uwanjani, hata mara moja, mahali ambapo watu wanatazama.

Kwa mechi ya mwisho kamati ilimtuma Bwana Prescott aje aone kwa macho yake. Theluji ilimzuia mlimani, akafika pai ikikatwa. Wageni walikuwa wamekaa juu ya mito, wamevaa vizuri, wanatafuna.

"Hawa ndio mliocheza nao?" aliuliza.

"Hawakuwa hivi, bwana," alisema Verlene. "Wamepigwa kweli."

"Mimi nilikuwa na kilo mia na arobaini," alisema mmoja wao, mdomo umejaa tufaha. Bwana Prescott akampapasa kichwa.

"Mama, nguo hazidanganyi. Zinawakaa barabara."

"Nimezipunguza mimi."

"Hebu nionyeshe mshono."

Verlene aliushika mkono wa jezi, akaugeuza nje na ndani, akausogeza kwenye taa. Hakuuona. Bwana Prescott alimaliza pai yake, akaisifu, akaenda zake.

Jumapili mchungaji alikatisha mahubiri ili watu wawahi tangazo la kamati kwenye televisheni. Nafasi walipewa Tiverton. Mwenyekiti wa kamati, akiwa amekaa katika hoteli moja ya Texas mbele ya chupa za maji, alisema wamefuata ushahidi wa macho. Burl, aliyekuja kutazama kwa Verlene, alikuwa ameandaa kicheko tangu asubuhi. Akainuka, akazima televisheni.

Jioni Darrell aliingia kutoka chuoni. Koti la timu lilikuwa linafagia sakafu ya jikoni, na mikono yake ilipotelea ndani.

"Nani kakufunga, mwanangu?" Burl aliuliza.

"Watu wa hotelini, baba mdogo." Kisha akamgeukia Verlene. "Mama, naomba mto."

Verlene alimpa mto na sahani. Akavuta cherehani, akatunga uzi, akapiga magoti na kulikunja pindo la koti hadi lilipostahili kufika. Mwishowe akaliachia.

"Hutalipunguza?" Burl aliuliza.

"Safari hii liache. Waone alivyokuwa."

Darrell alilivaa koti lile majira yote ya baridi, kwenda kanisani na kurudi, pindo likizoa theluji nyuma yake. Kutoka hotelini hakuja mtu kutazama.