Watu wa Madirishani

Mji ule ulikuwa hoi, na aliyekataa kulikubali hilo alikuwa mtumishi wa manispaa. Kiwanda cha sabuni kilipofungwa walianza kuondoka vijana, wakafuata wenye watoto, mwisho wakaondoka hata wale walioapa kwamba hapo watatolewa kwa jeneza. Katika mtaa wa Fundi Brashi, mchora mabango, nyumba kumi na mbili zilikuwa zimezibwa madirisha kwa mbao. Zilizobaki na watu zilikuwa tatu tu, yake ikiwa mojawapo.

Ndipo akaja Bwana Mipango. Huyu alikuwa ofisa wa mipango miji, mtu ambaye viatu vyake viling'aa hata msimu wa tope, na jina hilo alilipata kwa sababu neno lingine halikukaa mdomoni mwake. Alisema kuna wawekezaji wanakuja baada ya wiki tatu kuamua kama kiwanda kifufuliwe hapo au kihamishiwe kwingine.

"Fundi, hakuna mwenye akili anayewekeza makaburini," alisema. "Hizo mbao nataka uzichore madirisha. Vioo, mapazia, vyungu vya maua. Wapite na gari lao waone mtaa una uhai."

"Na wakishuka?"

"Hawashuki hao. Nawajua."

Fundi Brashi alikubali. Miezi mitano hakuwa ameandika hata herufi moja, na alikuwa amefika mahali pa kumgombeza mkewe kwa sababu ya chumvi. Akachora mapazia ya maua, mapazia ya mistari, na pazia moja lililochanika pembeni, maana mtaa usio na mchafu hata mmoja hauaminiki. Bwana Mipango akaja kukagua, akajikuna kidevu.

"Mbona hakuna watu? Pazia bila mtu ni duka la vitambaa."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Fundi Brashi alikuwa na ila moja iliyojulikana mji mzima: hakuweza kuchora kitu kutoka kichwani. Alichora alichokiona kwa macho yake, basi. Daktari wa meno alipowahi kutaka bango la mtu anayeumwa jino, Fundi alimchora shemeji yake, shavu limevimba na machozi yanamtoka, na shemeji hakumsemesha kwa miaka miwili. Kwa hiyo sasa aliwarudisha wenye nyumba wenyewe, kila mmoja dirishani kwake, kama alivyowaona kwa miaka mingi. Alimchora mshonaji na utepe wake wa kupimia shingoni. Alimchora mwalimu mstaafu anayetazama juu ya miwani.

Nyumba ya kumi na mbili ilitazamana na jiko lake, na wapangaji wake walikuwa wa kuja na kuondoka, hata mmoja hakumkumbuka vizuri. Hapo akamchora binti yake. Nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba, na alikuwa amehamia mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, anatengeneza lifti za maghorofa. Fundi alimchora viwiko vimeegemea kizingiti cha dirisha na kidevu kimelala viganjani, alivyokuwa akikaa zamani akingoja chakula kiive.

Mkewe alipotoka na beseni la vyombo akamwona, nusura aliangushe. Kisha akacheka huku machozi yanamtiririka.

"Asiye na mwana aeleke jiwe," alisema. "Mimi nitaeleka ubao."

Siku ya tatu Fundi alipita na ngazi yake, akasimama mbele ya mshonaji. Mchora mabango anaujua mchoro wake, hadi unywele wa brashi ulioganda kwenye rangi. Yeye alikuwa amemchora mshonaji ameshika pazia kwa mkono wa kushoto. Sasa alilishika kwa wa kulia. Fundi akajiambia ni uzee. Lakini moyo haukutulia, akatoa penseli na kutia alama ndogo ukingoni mwa kiwiko. Asubuhi yake alama ilikuwa peke yake katikati ya pazia, na kiwiko kimesogea upana wa viganja viwili. Na milango iliyopigwa misumari, ambayo hakuna aliyeifungua kwa miaka, vizingiti vyake vilikuwa vimefagiwa.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na kwa maneno gani?

Wawekezaji walikuja, na walishuka. Mmoja wao, mzee mnene mwenye kofia, alimpungia mkono mwalimu mstaafu, akawageukia wenzake na kusema, "Watu wakarimu hawa. Yule mzee ameniitikia." Fundi alingoja watu wacheke. Hakucheka mtu, na Bwana Mipango alikuwa akitazama viatu vyake.

Haikupita miezi miwili, kiwanda kikafunguliwa. Mji ukaanza kunuka sabuni tena, na wazee wakasimama barabarani wakiinusa hewa na kulia bila haya. Watu hufuata watu. Kinyozi akafungua, akafuata mwoka mikate, kisha muuza simu, na kila mmoja alitaka bango. Fundi Brashi alifanya kazi hadi vidole vikakakamaa. Alifurahi, tusimsingizie, na mtu aliyeshiba haulizi chakula kimetoka wapi. Jambo moja tu lilimkera rohoni: zile nyumba kumi na mbili hakuna aliyezipanga. Wageni walifika mlangoni, wakatazama dirishani, wakarudi nyuma kwa adabu. "Hii ina wenyewe," walisema.

Mkewe ndiye aliyebadilika kuliko wote. Kila asubuhi aliosha vyombo nje akizungumza na ule ubao, akimpa Kitinda habari za mtaa, na aliimba, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu binti aondoke.

Kisha Kitinda akapiga simu.

"Shikamoo baba. Hilo shati la bluu utalistaafisha lini? Limechanika kwapani."

Fundi akainua mkono. Kweli, limechanika. "Marahaba. Nani kakwambia?"

"Si nakuona!" Alicheka kwa sauti nzito, kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Na mwambie mama asimwage maji pale, wateja wa kinyozi watateleza."

Fundi akakata simu. Akajaribu kujidanganya kwamba mama mtu ndiye aliyemsimulia. Lakini baada ya siku tano, kwa mwoka mikate, alikutana na dada wa mshonaji, amekuja kutafuta kibarua kiwandani.

"Kaka yangu ameacha kushona, Fundi," alisema. "Anakaa dirishani tangu alfajiri, hali mpaka alishwe. Ukimuuliza unatazama nini, anasema anatazama mtaa. Na dirisha la chumba chake kule linatazama ukuta."

Mkate ulimponyoka Fundi. Alirudi nyumbani mbio, mzee mzima, na kumpigia binti yake. Alipokea mwenzake anayeishi naye chumba kimoja.

"Wewe ndiye baba? Afadhali. Leo siku ya nne hajaenda kazini. Viwiko kaviweka dirishani, tumejaribu kumwinua watu watatu tumeshindwa. Daktari amekuja haoni ugonjwa. Maji hayapiti kooni tangu jana." Msichana akashusha sauti. "Na baba, usinione mwendawazimu. Ngozi yake inanuka rangi."

Fundi alichukua ngazi, ndoo ya chokaa na brashi pana, akavuka barabara. Alimkuta Bwana Mipango amesimama chini ya dirisha la Kitinda, ameshika karatasi. Ilikuwa orodha ya mtaa mwingine, madirisha arubaini. Fundi akamweleza yote kwa pumzi moja. Bwana Mipango hakushtuka hata kidogo.

"Mji unahitaji nini, Fundi? Barabara? Taa? Tulijenga barabara, wakapitia hiyohiyo kuondoka. Mji unahitaji watu. Wetu walitukimbia, wewe umewarudisha. Na hawa hawahami."

"Mwanangu anakufa!"

"Mwanao yuko pale, anatazama kwao." Aliiweka orodha juu ya ngazi taratibu. "Hiyo chokaa ukimpaka sijui kitamfika nini. Na wewe hujui." Akaenda zake, viatu vinang'aa.

Fundi alichovya brashi, akainua mkono, mkono ukagoma. Macho ya Kitinda yalikuwa yakimtazama kutoka kwenye mbao, na safari hii yalikuwa na woga ambao yeye hakuuchora. Ni baba gani angejaribu bahati kwa uso wa mwanawe? Mkewe alimkuta hapo, chokaa inamtonea miguuni. Akamwambia kila kitu.

Mama Kitinda aliketi chini palepale barabarani.

"Ni mimi," alisema. "Kila asubuhi nimekuwa nikimwambia, kaa mwanangu, usiondoke tena. Kila siku ya Mungu, Baba Kitinda. Naye amenisikia."

Alilia kidogo, si sana. Kisha akapiga moyo konde, akajifuta kwa upindo wa nguo.

"Mji ambao mtu hawezi kuutoka ni kaburi lenye mapazia. Usimfute. Mgeuze. Mchore anaondoka."

"Na wale wengine kumi na mmoja?"

"Wetu kwanza. Mungu atanihukumu kwa hao baadaye."

"Siwezi," Fundi alisema. "Siwezi kuchora nisichokiona. Siku ile sikumwona akiondoka."

Ilikuwa kweli, na aibu yake alikuwa ameifungia moyoni miaka minne. Alitaka Kitinda arithi brashi zake, binti akachagua lifti, na asubuhi ya safari baba mtu aligeukia ukutani na kujifanya amelala. Alisikia nyayo, akasikia mlango. Binti alisimama kwanza kitambo nje ya chumba. Hakumgeukia.

"Mimi nilimwona," alisema mkewe. "Nilisimama mpaka akakata kona."

Aliingia ndani, akatoka amevaa koti la zamani la Kitinda, kitambaa kichwani kimefungwa kisichana, begi begani. Akasimama katikati ya barabara na kumpa mumewe mgongo.

"Alisimama hivi. Bega la kushoto chini, begi lilikuwa zito. Halafu akaenda, na hakugeuka, maana angegeuka asingekwenda." Akaanza kutembea polepole. "Chora sasa."

Fundi akaleta rangi zake, akapanda ngazi. Alianza na kitambaa, akakishusha juu ya paji la uso, na alipofika kwenye macho alisimama.

"Nisamehe mwanangu," alinong'ona. "Siku ile nilikuwa macho."

Akayafunika. Akatazama barabara, akatazama ubao, barabara, ubao. Mkewe alipita kwa kinyozi, akapita kwa mwoka mikate, watu wakimpisha bila kujua kwa nini wanampisha. Fundi alichora shingo, akachora bega lililoinama na begi lake, akachora mguu mmoja ulioinuka kwenda. Kisigino kilipopata mchirizi wa mwisho, simu ikalia mfukoni.

"Baba." Ilikuwa sauti ya Kitinda, safi ingawa mdomo umejaa mkate. "Baba, nina njaa. Nimeinuka. Viwiko vinaniuma, lakini nimeinuka!"

Fundi alilia kwa sauti juu ya ngazi, na hakujali nani anamwona. Akashuka, akarudi nyuma hatua tatu kuitazama kazi yake, na hapo machozi yakakatika. Mkono wake haukuwahi kumdanganya, na leo pia haukudanganya. Ulikuwa umechora alichokiona. Bega lile lilikuwa limeinama kwa miaka ya ndoo na mabeseni, na kwenye shingo, chini ya kitambaa, kulikuwa na kovu la mafuta ya moto alilolijua kwa miaka thelathini.

"Mama Kitinda!" aliita. "Inatosha! Rudi!"

Mkewe alikuwa karibu na kona. Aliita tena, na tena, na safari ya tatu akaona mkono wake mmoja unanyooka nyuma, vidole vinatafuta hewani. Shingo haikugeuka. Fundi akatupa brashi akamkimbilia. Alikimbia mpaka pumzi zikamwishia, na yeye mkewe alikuwa anatembea tu, mwendo uleule, lakini nafasi kati yao haikupungua hata hatua moja. Fundi akasimama kwenye kona, ameshika magoti. Simu ilikuwa bado inaongea kiganjani mwake.

"Baba? Baba, mbona unahema? Nipe mama nimsalimie."

"Mama yako ameshika njia ile uliyoondokea, anakuja kwako," alisema Fundi. "Amevaa lile koti lako. Toka sasa hivi uifuate barabara ya kuja huku. Ukimwona usikae nyuma yake ukamwita, hawezi kugeuka. Simama mbele yake umshike."

"Anakuja kwa miguu? Baba, huko ni siku ngapi?"

"Sijui, mwanangu. Mpelekee maji."