Wito wa Bochaberi

Vumbi la Keumbu ni jekundu, laini, jepesi. Siku ya soko huinuka likagoma kushuka, likakaa juu ya ndizi na juu ya kope, juu ya migongo ya punda na mabega ya watu. Siku moja ya mwaka wa sitini na nne liliinuliwa na miguu miwili mitupu: miguu ya Kemuma, mpiga ramli, mikono imefungwa kwa kamba ya mkonge, askari kulia, askari kushoto, na mbele yao Chifu Ratemo, kaki imenyooshwa, kofia imekaa sawa.

Amri ilikuwa imetoka juu: wapiga ramli wakamatwe, vifaa vyao vichomwe. Ratemo aliitimiza. Alichoma kibuyu, shanga na vijiwe mbele ya ofisi yake, na kitu ndani yake kikaungua navyo, maana alivijua. Vilikuwa vya Mong'ina, mama yake mzazi, aliyemfundisha Kemuma kazi kabla hajafa. Shanga zile alizichezea akiwa mapajani mwa mama. Kemuma akaenda jela miezi mitatu. Ratemo akaenda kanisani, akaimba na wazee wenzake. Alikuwa chifu. Angekwenda wapi?

Miaka minne baadaye binti yake, Bochaberi, alirudishwa nyumbani kutoka chuo cha ualimu. Alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu, mpole, mwandiko wake umenyooka kama mistari ya chai mlimani. Alikuwa ameacha kula. Alitetemeka jua likiwa utosini, akimwita Mong'ina, bibi ambaye hakuwahi kumwona. Alimwambia jirani kwamba ng'ombe wake aliyepotea amenasa bondeni, kwenye matope. Wakaenda, wakamkuta amenasa. Alimwambia mama mmoja kwamba mwanawe aliyeko Kericho atarudi akiwa amebebwa. Akarudi amebebwa.

Daktari hakuona ugonjwa. Wazee wa kanisa walikuja, wakamwekea mikono, wakaomba, wakaondoka wakitazama chini. Bathsheba, mkewe Ratemo, alifunga kwa maombi hadi midomo ikapasuka. Na binti akazidi kukonda, akazidi kukonda, shuka likawa linamfunika kama linavyofunika kitanda kitupu. Kijiji kizima kilijua kilichokuwa kikimwita, na hakuna aliyekitaja mbele ya kofia.

Ratemo aliketi kando yake, akamwuliza anataka nini.

"Nilitaka kufundisha, tata," Bochaberi alisema, akimwita baba kwa neno la nyumbani. "Nilitaka ubao na chaki. Lakini bibi amenishika. Nikikataa, nitakufa. Nikikubali kazi yake, sitatoka tena."

Akatafuta mlango, Ratemo, akazunguka ndani ya siku zake kama fahali aliyefungwa kigingini. Huku kulikuwa na amri aliyoitimiza kwa mkono wake. Huku kulikuwa na kanisa lililomfanya mtu wa kuheshimiwa. Huku kulikuwa na shimo ambalo halijachimbwa bado. Alikuwa chifu. Angekwenda wapi?

Alikwenda kwa Kemuma. Alipitia migombani, ameinama, asionekane. Mwanamke yule alikuwa anapepeta wimbi. Hakuinuka, wala hakuuacha ungo. Ratemo akaeleza yote amesimama juani, kisha akamsihi waondoke pamoja kwa njia hiyohiyo ya migombani.

"Mimi si mwizi, Chifu," Kemuma alisema. "Ulinipitisha sokoni nimefungwa. Unirudishe sokoni, siku ya soko, na kofia yako ukiwa umeivaa."

Siku ya soko ilikuwa keshokutwa. Siku ya kwanza Ratemo aliapa kwamba hatakwenda. Ya pili Bochaberi alikataa hata maji. Ya tatu akavaa kaki, akafunga kila kifungo, akaenda kumchukua Kemuma.

Wakapita sokoni. Mshonaji akaacha kukanyaga cherehani. Muuza chumvi akabaki na kibaba hewani. Kemuma hakuharakisha, na Ratemo hakuthubutu kumtangulia; bega kwa bega, hatua kwa hatua, chifu na mfungwa wake, na watu wasijue nani amemkamata nani. Hakuna aliyezomea. Laiti wangezomea, angepata pa kuiweka hasira. Walimpa ukimya, naye akaubeba, kutoka duka la kwanza hadi la mwisho.

Siku saba Kemuma alikaa na msichana ndani. Mbuzi alichinjwa, shanga mpya zikatungwa, maneno yakasemwa ambayo Ratemo aliyasikia ukutani na kuyatambua, kwa sauti ya mama yake. Siku ya nane Bochaberi aliomba ugali wa wimbi. Akala. Akaomba mwingine. Bathsheba akalia kwa furaha, kisha akachukua Biblia yake, akaenda kanisani peke yake, na tangu hapo akawa anakwenda peke yake.

Mwezi haukuisha. Mkubwa wa Ratemo kazini alimwita, akanyoosha mkono, naye akavua kofia, akaiweka kwenye mkono ule. Kanisa likasoma jina lake, likalifuta. Alidhani sasa atapumua.

Hakupumua. Watu walianza kuja, kutoka Nyamira, kutoka Nyamarambe, na umande bado ukiwa majanini, wakapanga foleni kwenye gogo nje ya kibanda cha binti yake. Walikuja wagumba na waliofiwa na waliopotelewa. Bochaberi aliwasikiliza hadi jua lizame, kisha akalala, akaamka, akasikiliza. Hakushika chaki. Hakuwa wa baba wala wa mama; alikuwa wa kila aliyebisha. Ratemo alimwokoa, na alipomwokoa hakumpata.

Asubuhi moja ya mwaka wa sabini, aliketi mwisho wa gogo lile. Mwanamke mmoja aliinuka ampishe; akakataa. Akasogea mtu alipotoka, akasogea tena, hadi zamu ikamfikia.

Ndani, Bochaberi alikuwa ameinamia vijiwe. "Umeletwa na nini?" aliuliza, kama alivyomwuliza kila mtu.

"Sina shida," Ratemo alisema. "Nimekuja kukuona."

Mkono wa Bochaberi ukasimama. Hakuinua uso. Alisogea kidogo kwenye ngozi ya ng'ombe aliyoikalia, ikabaki nafasi ya mtu mmoja.

"Keti, tata," alisema.

Akaketi. Bega lake likagusa bega la mwanawe. Nje mtu alikohoa, wasimjali. Akakohoa tena. Bochaberi akavuta pumzi, akamwita anayefuata.