Tiki ya Mwalimu

Fundi cherehani alikuwa na kichwa kigumu kwa Kiingereza, na mkewe, mwalimu wa somo hilohilo, hakumwonea huruma. Alimkatia kadi za maneno akazibandika ukutani, juu ya cherehani.

"Usikariri kama kasuku," alimwambia. "Shika mzizi. Hii dict ni ya Kilatini, maana yake kusema. Predict, unasema jambo kabla halijatokea. Contradict, unasema kinyume cha mwenzio."

"Hiyo ya mwisho ndiyo kazi yako," fundi alimjibu, na wateja wakacheka.

Akikosea, mwalimu alimkatiza kauli papo hapo, hata mbele ya hao wateja. Miaka kumi na miwili, fundi hakupata tiki ya bure hata moja.

Kisha kiharusi kikamfunga mwalimu ulimi. Daktari alisema azungumzishwe, huenda maneno yakarudi. Basi kila asubuhi fundi humketisha kando ya cherehani, hubandua kadi moja na kukosea makusudi. Leo alishika predict.

"Mama watoto, hii ni kusema jambo likishapita. Au nimekosea?"

Akasubiri. Angeitwa mbumbumbu leo, angeshukuru Mungu.

Mwalimu aliitazama kadi kwa muda mrefu, akamtazama na mumewe, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Akaokota chaki ya kukatia nguo kwa mkono wake mzima, na taratibu, kwa upendo wote, akamwekea tiki kwenye kadi.