Jumapili ya Kuhesabu Kengele

Kule Krummbach, majani yakianza kupukutika kanisa halina mapumziko. Oktoba ikiingia tu ni Sikukuu ya Mavuno, na watu hupanga maboga na kabichi mbele ya madhabahu mpaka mchungaji anakosa pa kuweka Biblia. Novemba watoto huzunguka kijiji na taa za karatasi, wakiimba huku makamasi yanawachuruzika. Kisha huja Jumamosi ya reki, siku ya kusafisha makaburi, na kesho yake ni Jumapili ya Marehemu. Siku hiyo majina ya waliokufa mwaka ule husomwa moja moja, na kwa kila jina kengele hugongwa mara moja na mshumaa huwashwa. Baada ya hapo ndipo mtu ana ruhusa ya kuoka biskuti za Krismasi. Ukizioka mapema majirani watainusa harufu, na utasemwa mpaka Pasaka.

Bi Irmtraud Kießling ndiye aliyekuwa mwandishi wa mishumaa. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Ilimwangukia miaka ishirini nyuma kwa sababu ya mwandiko wake mzuri, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Alikata nta ya buluu vipande vyembamba, akavibandika herufi kwa herufi kwenye mshumaa mweupe, jina la mtu na mwaka wake. Jumamosi hiyo ya reki alikaa peke yake kwenye ukumbi wa kanisa, sufuria kubwa ya supu ya viazi ikichemka nyuma yake, na mezani alikuwa amepanga mishumaa kumi. Hesabu aliijua. Kijiji cha watu mia nne hakifichi msiba. Walikuwa tisa, na wa kumi ni Eberhard, mume wake, aliyeanguka bustanini mwezi Machi na mkasi wa kupogolea mkononi, akafa kabla hajafikishwa kitandani.

Mchungaji Friederike Behrens aliingia na orodha. Alikuwa mtu wa Hamburg, mgeni wa mwaka mmoja na nusu, mwepesi wa kutembea na mzito wa kutamka jambo baya. Aliishika ile karatasi kifuani.

"Bi Irmtraud, orodha ndiyo hii. Ila kabla hujaisoma..."

"Niletee, Mchungaji. Nta inapoa."

Akaisoma. Akairudia tena, safari hii kutoka chini kwenda juu. Majina yalikuwa tisa.

"Eberhard hayumo."

"Nilimwandika, Bi Irmtraud. Nilimwandika kabla ya wote. Lakini baraza la wazee lilikaa Alhamisi, wakasema orodha inatoka kwenye kitabu cha washarika, na kwenye kitabu yeye..."

"Alifutwa. Najua. Nilikuwa mchumba wake siku alipofutwa."

"Kura zilikuwa nne kwa tatu."

"Na mmoja wa hao wanne ni Traugott."

Mchungaji akageukia dirishani. "Siruhusiwi kusema nani alipiga kura gani."

"Basi umeshasema."

Mchungaji wa watu akabaki amesimama, mashavu mekundu, hajui mikono aiweke wapi. Irmtraud akamhurumia, ingawa hakutaka. "Nenda kachukue reki, mwanangu," akamwambia. "Mimi nina majina ya kuandika."

Akayaandika yote tisa, na akayaandika vizuri. Hata la Hildegard Pönitz, aliyemwazima bati la keki, akakaa nalo miaka sita na kufa nalo, aliliandika bila kupindisha herufi. Mshumaa wa kumi akautia kwenye mfuko wa koti.

Jambo lenyewe lilikuwa la zamani. Enzi zile nchi ilikuwa imekatwa vipande viwili, na upande wao ulitawaliwa na chama kisichotaka kusikia habari za kanisa. Vijana wawili wa Krummbach, Eberhard Kießling na Traugott Uhlmann, marafiki wa kufa na kuzikana, waliomba kwenda chuoni. Wote wakaambiwa jambo moja: tia saini kwamba umetoka kanisani, nafasi ni yako. Eberhard alitia saini, akasoma, akawa fundi mitambo mwenye cheti cha kutundika ukutani. Traugott hakutia. Yeye aliyetaka kuwa daktari wa mifugo aliishia kukamua ng'ombe wa shamba la ushirika miaka thelathini.

Halafu serikali ile ikaanguka na watu wakarudi kanisani makundi kwa makundi, wengine bila hata chembe ya haya. Eberhard hakurudi. "Nikirudi leo watasema Kießling hufuata upepo," alimwambia mkewe, na mazungumzo yakaishia hapo. Lakini siku za kazi alikuwa huko huko kanisani na sanduku lake la vifaa. Aliziba paa, akanyoosha bawaba za mlango, na ulimi wa kengele ulipolegea akapanda mnarani, na umri wake wote ule, akaufunga kwa mkanda mpya wa ngozi. Jumapili hakanyagi. Ukiniuliza mimi, nitakwambia ni ukaidi wa kiume usio na maana, lakini nitakwambia pia kwamba nilimheshimu kwa huo ukaidi.

Irmtraud alivaa koti, akachukua reki ya mumewe, ile ya meno ya mti aliyoichonga mwenyewe, akatoka. Makaburini watu walikuwa wametawanyika chini ya mialoni, wanakusanya majani na kutaniana. Traugott alikuwa peke yake upande wa ukuta. Siku hizi ndiye mwenyekiti wa baraza la wazee na ndiye mgonga kengele, miaka sabini na saba, mgongo umenyooka. Irmtraud akaenda moja kwa moja kwake, akaanza kuvuta majani kwenye rundo lile lile.

"Mishumaa umemaliza?" Traugott akauliza.

"Tisa nimemaliza. Wewe ulitaka mingapi?"

"Usinichokoze, Irmtraud."

"Nikuchokoze? Si wewe uliyeanza Alhamisi?"

"Huyu mchungaji hana kifua."

"Mchungaji hakusema neno. Mimi nakujua tangu unavaa kaptura, Traugott Uhlmann. Jambo likiwa gumu kama jiwe, najua nani kalishika."

Traugott akaisimamisha reki yake ardhini. "Sikiliza. Mimi sikumtoa kanisani. Alijitoa mwenyewe. Na unajua nilikuwa wapi? Nilikuwa kiti cha pili. Ofisi ile ile, siku ile ile. Kalamu ilikuwa moja. Alipomaliza kusaini akanisogezea."

Hilo Irmtraud hakuwahi kulisikia. Miaka hamsini na sita ya ndoa, na Eberhard hakuwahi kulitaja.

"Nikairudisha mezani," Traugott akaendelea. "Basi. Hakunitazama, wala mimi sikumtazama. Tangu siku hiyo nanuka maziwa. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema hata suti yangu ya kanisani inanuka zizi. Sasa nyinyi mnataka lisomwe jina lake pamoja na ya wengine, kana kwamba hiyo kalamu haikuwepo!"

Irmtraud alikuja na maneno mengi, makali, ameyapanga tangu mezani. Yote yakamkauka mdomoni, kwa sababu aliyoambiwa yalikuwa kweli. Hasira haikumwisha, ila haikuwa tena na pa kusimama. Akavuta majani kidogo, akaacha.

"Na kengele ulizogonga miaka yote hii, nani alizitengeneza?"

"Kengele ni kengele. Kitabu ni kitabu."

"Haya. Unajua Eberhard alikuwa akifanya nini kila Jumapili ya Marehemu?"

"Analala, nadhani. Kama wenzake wote waliosaini."

"Anafungua dirisha la jikoni. Hata iwe baridi ya namna gani, theluji inaingia mpaka kwenye sinki. Anavua kofia, anasimama nayo mkononi, anahesabu mapigo yako. Mimi nikirudi, koti sijavua, ananiambia: kumi na mawili mwaka huu. Mwaka mwingine: sita tu, tumshukuru Mungu. Hajakosea hata siku moja. Akishanitajia idadi ndipo anabandika viazi jikoni. Kabla ya hapo hali, hanywi, haongei."

Upande wa pili wa makaburi mtu alicheka, na mtoto akarukia rundo la majani akafokewa.

"Kofia mkononi?" Traugott akauliza.

"Mkononi."

Traugott akaitazama reki ya Eberhard kwa muda, yale meno yaliyochongwa moja moja. Kisha akainama akaendelea na kazi. "Mvua inakuja," akasema. "Majani yatalowa."

"Kesho siji, Traugott."

"Irmtraud..."

"Siji. Majina nimeandika, nta imeshika. Wa kuwasha awashe."

Na kweli hakwenda. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ujana wake. Saa nne kasorobo aliwaona kupitia dirishani wakipita na makoti meusi, wakitupia jicho nyumba yake, naye akajificha nyuma ya pazia kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nyumba ya Kießling imepakana na ukuta wa kanisa. Mtu akipiga chafya kwenye benchi la nyuma wanaweza kumwambia afya. Mshumaa usio na jina aliusimamisha kwenye kizingiti cha dirisha. Viazi alikuwa amevimenya, vimo kwenye sufuria ya maji, moto hajawasha.

Wimbo wa baada ya mahubiri ulipokwisha akafungua dirisha. Baridi ikamwingia kifuani. Akaichukua kofia ya Eberhard kwenye msumari, akasimama nayo pale pale alipokuwa akisimama yeye, na akashangaa kuona kwamba ubao wa sakafu pale umeliwa kidogo.

Pigo la kwanza, yule wa Desemba iliyopita. La pili, Januari. La tatu, Februari. Hapo Irmtraud akajikuta ameshika pumzi, kwa sababu orodha hufuata tarehe za kufa, na baada ya Februari ni Machi. Kengele ikagonga, lakini jina lililosikika likisomwa kabla yake halikuwa la Eberhard. Lilikuwa la Hildegard Pönitz, wa Aprili. Akaachia pumzi. Machozi yakamjaa na akayaacha yamwagike, maana nani alikuwa pale wa kumwona? Alijiona mjinga. Tangu jana alikuwa akijiambia hatarajii kitu, na kumbe alikuwa akitarajia.

Tano. Sita. Saba. Nane. Tisa.

Kikawa kimya. Kimya kirefu kidogo kuliko kawaida, kisha kinanda kikaanza wimbo wa kufunga, ule ambao mpiga kinanda wa Krummbach huuharakisha kila mwaka kwa sababu ana nyama kwenye oveni. Irmtraud akanyoosha mkono kushika dirisha alifunge.

Kengele ikagonga.

Iligonga juu ya wimbo, kwa nguvu, mpaka kioo kikatetemeka mkononi mwake. Kinanda kikajikwaa, kikabaki na sauti moja, kikanyamaza. Hakuna jina lililosomwa. Kanisa zima lilikuwa kimya, watu mia na ushee, na katika hao hakuna aliyehitaji kuuliza ni ya nani.

Irmtraud alikaa kwenye kiti cha jikoni kofia ikiwa mapajani. Alilia mpaka akachoka kulia. Kisha akanyanyuka, akaleta nta na kisu, akauchukua mshumaa kwenye kizingiti akaanza kuandika. Dirisha hakulifunga.

Alikuwa amefika herufi ya tano aliposikia hatua kwenye kokoto. Traugott Uhlmann alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa kanisa, koti lake limefungwa mpaka juu. Wengine walikuwa wanapita mbali, kwa adabu, wakijifanya wana haraka. Kofia yake ilikuwa mkononi, na mvua ndogo ilikuwa ikimdondokea kwenye upara.

"Ulihesabu?" akauliza.

"Nilihesabu."

"Ngapi?"

"Kumi."

Traugott akaitikia kwa kichwa. Akatazama ndani ya jiko, kwenye kile kiti, kwenye sufuria iliyokuwa haijawashiwa moto. Kisha akavaa kofia yake.

"Haya," akasema. "Bandika viazi."