Bastola Chini ya Kitenge

Mume wangu Pierre-Claver ana kichwa kigumu, na mimi nina mdomo, kwa hiyo nyumba yetu haijawahi kukosa kelele. Lakini siku aliyorudi kutoka mtaa wa Bluff na bastola mfukoni, badala ya kupiga kelele nilikaa kitandani nikalia.

"Mama Sonia, ningefanya nini?" aliniuliza. "Wezi wamevunja loki ya mlango wa nyuma wa teksi na mimi niko ndani! Siku nyingine wataniua."

"Na leseni iko wapi?"

Aliniangalia kama nimemtukana. Mkimbizi hapewi leseni ya bastola nchi hii, tulijua wote wawili. Akikamatwa nayo ni jela, na mimi na Sonia tubaki na nani? Hilo ndilo nililoliogopa, kuliko hata wezi wenyewe.

Akaanza kunieleza, utadhani nimeuliza. Muuzaji alimwonyesha mbili. Moja ilikuwa bapa, inaingia vizuri mfukoni, lakini ina kidude cha kufungua kwanza, na mtu anayetetemeka hukisahau. Akachukua ile nyingine fupi, nene. "Hii haina maneno mengi," alisema. Eti haina maneno! Kitu cha kuua watu anakisifia kama jiko la gesi.

Shida ikawa pa kuiweka. Kwenye kidroo cha mbele ya gari ndipo mwizi, tsotsi wanavyomwita hapa, anapotafuta kwanza. Akaiweka chini ya kiti. Siku moja anawapeleka wanafunzi chuoni Westville, akafunga breki, ikateleza mpaka kwenye kisigino cha binti wa watu. Bahati yake binti alikuwa kwenye simu. Mwishowe akachukua kitenge changu cha kanisani, akaifunga humo, akaificha chini ya paja.

"Baba Sonia, hicho kitenge sikivai tena," nilimwambia. Hakucheka.

Aprili ile ya 2015 watu wakaanza kuwafukuza wageni mjini. Maduka yetu yakafungwa. Kanisani tukaambiana: njiani usiseme Kiswahili, usiseme Kirundi, usimwite mtu kwa jina. Ukiona gari la mwenzako, ingia kimya, mtasalimiana ndani. Kuingia tu hakukuwa jambo geni. Gari letu lilikuwa la korali nzima. Mtu akituona tumesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, anafungua mlango wa nyuma, anakaa, ndipo anauliza tunaelekea wapi. Na ile loki hatukuwa tumeitengeneza.

Alasiri moja rafiki yangu Agathe akanipigia simu analia. Mumewe Anaclet, Mkongomani anayeimba besi kwenye korali yetu, amekwama saluni kwake mjini, na vijana wenye marungu wako mtaa wa pili.

"Mwambie atoke kwa nyuma, atungojee kwenye kituo cha petroli cha hapo karibu," nikasema. "Tunakuja sasa hivi."

Tulifika kwenye robot kabla ya kile kituo. Nyekundu. Mbele yetu tairi zinaungua, vijana wanaimba katikati ya barabara. Mkono wa Pierre-Claver ulikuwa umeshaingia kwenye kitenge.

"Usiguse hicho kitu," nikamwambia. "Nakuomba kwa jina la Yesu, usikiguse."

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mtu mwenye kofia aliyoivuta mpaka machoni akajitupa ndani bila kusema kitu. Pierre-Claver akageuka, akafyatua.

Masikio yaliziba. Yalipozibuka nikasikia sauti ndogo kutoka kiti cha nyuma: "Mama Sonia, ni mimi. Ni mimi Anaclet."

Ananong'ona! Damu inamtoka tumboni na bado ananong'ona, wale wa nje wasije wakasikia Kiswahili chake. Kumbe kituo cha petroli kilikuwa kimeshavamiwa, akaliona gari letu, akatukimbilia. Alifanya vilevile tulivyoambiana.

Pierre-Claver alikuwa anapiga kelele, ameshika kichwa. Nikamzaba kofi.

"Endesha! Hospitali!"

"Watanifunga, Mama Sonia."

"Watakufunga, ndiyo! Endesha!"

Nikarukia nyuma, nikabana jeraha kwa mikono yote miwili. Anaclet akaniuliza kama Agathe yuko salama. Nikamwambia yuko salama. Baada ya hapo hakuuliza tena, na nilipomwita hakuitika. Nikaendelea kubana, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Simu yake ikalia mfukoni mwake. Agathe. Nikapokea kwa vidole vinavyoteleza, nikasema halo.

"Mama Sonia! Kumbe mmempata! Eh, Mungu asante, Mungu asante. Nipe niongee naye."

"Agathe, Pierre-Claver amempiga risasi."

Honi zilikuwa nyingi, na mume wangu alikuwa analia kwa sauti.

"Sikusikii, dada," alisema, bado anacheka kwa furaha. "Sema tena."

Ikabidi niseme tena.